Jibu la mtaalamu: Kifaa kimoja cha vioo vinne kwa kupigia na kuonyeshea picha za stereo

Swali: Nimepata kifaa cha zamani cha vioo vinne ambacho hufungwa mbele ya lenzi ya kamera na kuigawa fremu moja ya filamu kuwa picha mbili za stereo, moja ya kila jicho, ili zikitazamwa pamoja zionekane zina kina. Ninakitumia kwenye lenzi ya milimita 50. Slaidi zinatoka vizuri kiasi, ila katikati kuna utepe mpana wenye ukungu ambamo picha mbili zimechanganyika. Nikikifunga kifaa hichohicho kwenye projekta yangu ya slaidi, yenye lenzi ya milimita 85, picha mbili hazikai moja juu ya nyingine bali zinapitana, na hata nikizilazimisha zikae, macho ya watazamaji huanza kuuma baada ya muda mfupi. Je, kifaa kimoja kinaweza kweli kufanya kazi zote mbili? Au niiache slaidi nihamie kwenye projekta ya kidijitali?

Jibu: Ndiyo, kifaa kimoja kinaweza kufanya kazi zote mbili, na kikifanya hivyo kwa masharti yake hutoa matokeo safi kuliko njia nyingi zilizo ghali zaidi. Lakini sharti lake kuu ndilo ambalo wewe umelivunja bila kujua: pembe ya vioo vyake imewekwa kwa ajili ya urefu mmoja wa fokasi (zile milimita za lenzi) na umbali mmoja tu wa kukutana kwa picha. Kule kupitana kwa picha zako kunatokana na jambo hilo, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Kifaa chako kina vioo viwili vya ndani vilivyokutana ukingo kwa ukingo mbele ya lenzi, na viwili vya nje, kimoja kila upande. Nusu ya kushoto ya eneo ambalo lenzi inaliona huangukia kioo cha ndani cha kushoto, kikarusha mtazamo hadi kioo cha nje cha kushoto, nacho kikauelekeza mbele. Upande wa kulia ni vivyo hivyo. Kwa njia hiyo lenzi moja inatazama kutoka sehemu mbili zilizoachana kwa milimita 60 hadi 65 hivi, ambao ndio umbali wa kawaida kati ya macho ya mtu mzima. Mtazamo wa jicho la kushoto hukaa kushoto mwa slaidi na wa kulia hukaa kulia. Wazo la kutumia vioo kuyapa macho mawili picha mbili tofauti ni la zamani kuliko picha za kamera kutangazwa hadharani: Charles Wheatstone alieleza stereoskopu yake ya vioo, yaani kifaa cha kutazamia picha za stereo, mwaka 1838, na vifaa vilivyotengenezwa baadaye na Leitz kwa kamera za Leica, na Zeiss Ikon kwa jina la Steritar, vilifuata kanuni hiyohiyo ya kugawa fremu moja, ingawa hivyo vilitumia prisimu (vipande vya kioo vinavyogeuza njia ya mwanga) badala ya vioo.

Sasa angalia hesabu. Fremu ya filamu ya milimita 24 kwa 36 ikigawanywa, kila picha inapata upana wa milimita 18 na kimo cha milimita 24. Kiini cha kila nusu kiko milimita 9 kutoka mhimili wa lenzi, yaani mstari unaopita katikati yake. Kwa lenzi ya milimita 50, milimita 9 hizo ni sawa na pembe ya nyuzi 10 na kidogo. Maana yake ni kwamba, pasipo marekebisho, nusu ya kushoto ingetazama nyuzi 10 upande wa kushoto na nusu ya kulia nyuzi 10 upande wa kulia, na picha mbili zisingekuwa na kitu cha pamoja cha kuoanisha. Kwa sababu hiyo mtengenezaji hakuviweka vioo vya nje sambamba kabisa na vya ndani, bali aliviinamisha kidogo ili kila mtazamo urudishwe ndani kwa nyuzi 10 hizo, akaongeza karibu nyuzi 1 ili mitazamo miwili ikutane mahali fulani mbele, mara nyingi kwenye mita 2 hivi. Kumbuka pia kwamba kioo kikigeuzwa kwa nyuzi 1, mwanga unaorushwa nacho hugeuka kwa nyuzi 2, kwa hiyo mwinamo wote tunaouzungumzia ni wa nyuzi 5 na nusu tu kwa kila kioo cha nje. Ni mwinamo mdogo ambao jicho halitauona kwa urahisi kwa kukitazama tu kifaa.

Mwanga hupita njia ileile uende mbele au urudi nyuma. Ukiiweka slaidi mahali filamu ilipokuwa, ukaweka taa nyuma yake, ukatumia lenzi ya urefu uleule na kifaa kilekile, picha ya kushoto itatoka kwenye kioo cha kushoto, ya kulia kwenye cha kulia, na zitakutana kwenye skrini iliyo umbali uleule ambao mitazamo ilikutana wakati wa kupiga. Ukifanya hivyo kwa lenzi ya milimita 50 na skrini ya mita 2, kila picha itakuwa na upana wa sentimita 72, na kitu kilichokuwa mbali sana, kama mlima kwenye upeo wa macho, kitaonekana kwenye skrini kikiwa na nakala mbili zilizoachana kwa milimita 65, yaani sawasawa na macho yako. Mtazamaji aliyeketi karibu na projekta huuona mlima huo mbali kama ulivyokuwa mbali. Huu ndio uzuri wa kifaa hiki, na ni wachache wanaoujua kwa sababu projekta nyingi za slaidi haziji na lenzi ya milimita 50.

Yako ina milimita 85. Kwa lenzi hiyo, kiini cha kila nusu kiko nyuzi 6 tu kutoka mhimili, lakini vioo bado vinarudisha ndani nyuzi 11. Picha ya kushoto inatupwa kulia kupita kiasi na ya kulia inatupwa kushoto kupita kiasi. Ukiwa na skrini umbali wa mita 4, kila picha inapotoka kwa nyuzi 4 na nusu hivi, jumla nyuzi 9, wakati picha yenyewe ina upana wa nyuzi 12 tu. Hiyo ni robo tatu ya upana wa picha, na ndiyo sababu unaona zinapitana. Kifaa hakijaharibika, na hata ukiisogeza skrini mbele au nyuma hutapata nafuu, kwa sababu kosa ni la pembe na linakua pamoja na umbali.

Tiba ni kugeuza kila kioo cha nje kwa nyuzi 2 na robo hivi, kwa upande unaopunguza ule mwinamo wa ndani. Kama vioo vyako vya nje vina skrubu za kurekebishia, kazi ni nyepesi. Kama vimegandishwa kwa gundi ndani ya sanduku, tafadhali usivibandue. Kiache kifaa hicho kiwe cha kamera, ujitengenezee kingine cha projekta kwa vioo vinne vidogo juu ya kibao cha mbao au bati, vile vya nje vikiwa juu ya egemeo linalozunguka. Mimi binafsi napendelea njia hii hata kwa mtu ambaye kifaa chake kinarekebishika, maana kifaa cha kamera kikishawekwa sawasawa hakifai kuguswaguswa kila kunapokuwa na onyesho. Vioo vinavyofaa ni vile vilivyopakwa madini upande wa mbele. Kioo cha kawaida cha kujitazamia kimepakwa nyuma, kwa hiyo uso wa mbele wa kioo nao hurusha taswira hafifu pembeni ya ile halisi, na kwenye skrini utaona kila mstari mkali una mwenzake aliyefifia.

Jinsi ya kuviweka sawa vioo vya projekta ni hii. Chukua slaidi ambayo fremu zake mbili zina kingo safi na ndani yake kuna kitu chenye mistari ya wima na ya mlalo, kwa mfano dirisha au rafu ya vitabu iliyopigwa kutoka mita 2 hivi. Onyesha bila miwani na bila vichujio, ambavyo nitavieleza hapo mbele. Anza na urefu wa juu na chini: mstari wa mlalo ulio katikati ya picha ya kushoto ukae kimo kimoja na ule wa kulia kabla hujagusa kitu kingine. Kisha geuza vioo vya nje, vyote viwili kwa kiasi sawa, mpaka kingo za kushoto na kulia za picha mbili zilingane. Kingo hizo zikilingana, umeliweka dirisha la stereo, yaani ile fremu ambayo mtazamaji huona mandhari kupitia kwake, kwenye skrini yenyewe: vitu vilivyokuwa mbali kuliko mahali pa kukutana vitaonekana nyuma ya skrini, na vilivyokuwa karibu zaidi vitatokeza mbele yake. Kitu kinachotokeza mbele kisikatwe na ukingo wa kushoto au wa kulia, kwa sababu jicho moja litakiona kizima na lingine nusu, na ubongo utakataa kukipokea.

Nikirudi kwenye maumivu ya macho, yana vyanzo vitatu katika kisa chako, na nitavipanga kwa ukubwa wa madhara yake.

Cha kwanza ni tofauti ya juu na chini. Macho yetu yamezoea kujongea ndani na nje, lakini jicho moja kwenda juu huku lingine likishuka ni jambo ambalo misuli yake haikuzoezwa. Kifaa chako kinafungwa kwa uzi wa skrubu mbele ya lenzi, na uzi huo hauna mahali maalumu pa kusimama. Kikizungushwa kwa nyuzi 1 tu kutoka usawa wa kamera, ule mwelekeo wa nyuzi 10 unaotolewa na vioo nao unainama, na kwa kuwa upande mmoja unaelekea kulia na mwingine kushoto, picha moja inapanda na nyingine inashuka. Jumla ya tofauti inafikia milimita 0.3 kwenye filamu. Waweza kuona ni kidogo, lakini kwenye picha yenye kimo cha mita 1 kwenye skrini hiyo ni milimita 13, na mtazamaji atailipia kwa kichwa kuuma. Kwa hiyo kila unapokifunga kifaa, tazama kwenye kitafutio: mstari unaogawa fremu lazima uwe sambamba na kingo za fremu, na kitu kimoja kilicho mbali, kama ncha ya paa, lazima kikae kimo kimoja katika nusu zote mbili. Ukishapata mahali hapo, weka alama ndogo kwenye pete ya lenzi na kwenye kifaa ili uvipatanishe haraka siku nyingine. Epuka lenzi ambazo sehemu yake ya mbele huzunguka wakati wa kutafuta fokasi, kwa kuwa kila ukigusa fokasi umekigeuza na kifaa.

Cha pili ni umbo la picha zenyewe. Kwa sababu kila nusu inatazama kupitia upande mmoja wa lenzi badala ya katikati yake, ukuta ulionyooka hautoki kama mstatili bali unakuwa mrefu zaidi kwenye ukingo wa nje wa fremu kuliko kwenye ule wa katikati. Kwa lenzi ya milimita 50 tofauti hiyo ni karibu asilimia 6. Na kwa kuwa ukingo wa nje wa picha ya kushoto uko kushoto na wa picha ya kulia uko kulia, picha mbili zikilaliana kwenye skrini pembe zake hazipatani: katikati kila kitu kimetulia, lakini kwenye kona nne picha zinaachana juu na chini. Ukionyesha kwa lenzi ya milimita 50 na kifaa kilekile, upotofu huu unafutika wenyewe, maana mwanga umerudi kwa njia iliyoupotosha. Ukionyesha kwa milimita 85, unafutika kwa sehemu ndogo tu. Hapa sina dawa kamili ya kukupa kwa slaidi. Ninachoshauri ni kuweka jambo kuu la picha sehemu ya kati, kuacha kona zishikwe na vitu visivyo na mistari mikali kama majani, anga au kivuli, na kuwaketisha watazamaji mbali kidogo. Watu wengi wanaolalamikia vifaa hivi hulalamikia kona hizi bila kujua, na wao husingizia miwani.

Cha tatu ni kina kupita kiasi. Kanuni ya kawaida ya stereo inasema kitu cha karibu kisiwe karibu kuliko mara 30 ya umbali kati ya mitazamo miwili, ambayo kwa milimita 65 inatupa mita 2 hivi. Kanuni hiyo inafaa, lakini ilizoeleka kwenye fremu pana kuliko nusu yako. Ukiwa na kitu mita 2 na mlima kwa nyuma, tofauti ya mahali pa vitu hivyo kati ya picha mbili ni milimita 1.6 kwenye filamu, karibu sehemu ya 11 ya upana wote wa picha. Kwenye skrini, tofauti ya vitu vya mbali isizidi sana milimita 65, la sivyo macho yatalazimika kutazama nje, kila moja upande wake. Kwa projekta yako hilo linatimia ukiwa na skrini umbali wa mita 3.4, ambapo picha inakuwa na upana wa sentimita 72. Ukitaka picha yenye upana mara mbili ya huo, basi piga vyumba, bustani zenye uzio na vichochoro badala ya mandhari yasiyo na mwisho: nyuma ya picha ikiwa ukuta ulio mita 4, na dirisha likiwa mita 2, tofauti inashuka hadi milimita 0.8, na skrini pana inaruhusika.

Utepe wa katikati ni jambo jingine kabisa, na hausababishwi na pembe. Ukingo ambapo vioo vya ndani hukutana uko sentimita chache tu mbele ya lenzi, hivyo hauwezi kuwa kwenye fokasi. Upana wa utepe unategemea tundu la lenzi: tundu likiwa wazi, mwanga wa pande zote mbili unapita kando ya ukingo ule na kuangukia sehemu moja ya filamu. Makadirio mazuri hupatikana kwa kuuzidisha urefu wa fokasi kwa wenyewe, kisha kugawanya kwa namba ya tundu (ile 4 ya f/4, kwa mfano) iliyozidishwa kwa umbali wa ukingo kutoka tundu lilipo ndani ya lenzi. Kwa lenzi ya milimita 50 na ukingo ulio milimita 50 mbele ya tundu, f/4 hukupa utepe wa zaidi ya milimita 12, f/8 milimita 6, na f/16 milimita 3. Utepe wa milimita 12 umekula theluthi ya fremu nzima. Naamini umekuwa ukipiga na tundu lililo wazi, pengine kwa sababu kitafutio kinaonekana cheusi ukibana. Bana hadi f/11 au f/16, ongeza muda, tumia mguu wa kamera, na uache kupima kwa macho kwenye kitafutio, kwa kuwa kamera za reflex, zile ambazo kitafutio chake hutazama kupitia lenzi, huonyesha picha tundu likiwa wazi kabisa. Bonyeza kile kitufe cha kubania tundu kabla ya kupiga ndipo utauona utepe ulivyo kweli. Kinachobaki kifunike kwa ukanda mwembamba mweusi kwenye kishikizo cha slaidi. Kupima mwanga hakuhitaji hesabu ya ziada kama kamera yako hupima kupitia lenzi, kwa sababu upungufu unaoletwa na vioo umeshahesabiwa.

Usijaribu kuondoa utepe kwa kubadilisha lenzi. Lenzi pana itaona kuta za kifaa, ndefu itapunguza sehemu ya mandhari inayoonekana na picha zote mbili, na ya zumu, ambayo tundu lake liko ndani sana, kwa kawaida hukatwa kona na vioo. Kaa na milimita 50, au na milimita 35 hivi ukikifunga kifaa kwenye kamera ya kidijitali yenye sensa ndogo ya APS-C. Wala usiigeuze kamera wima ili upate picha pana: ukifanya hivyo, mtazamo mmoja utakuwa juu na mwingine chini, na stereo itatoweka. Picha ndefu na nyembamba ndiyo gharama ya kifaa hiki. Inafaa mno kwa watu waliosimama, miti, milango na mashine, na mpigapicha anayeikubali tangu mwanzo hupanga picha vizuri kuliko anayepigana nayo.

Kwa upande wa onyesho, kila picha ipitie kichujio chake cha polaroidi, ambacho huupanga mwanga utetemeke upande mmoja tu, mihimili ya vichujio hivyo ikiwa imeachana kwa nyuzi 90 na kuinama nyuzi 45 kila upande, na miwani ya watazamaji ifuate vilevile. Vichujio vikae baada ya vioo vya nje, mahali mwanga unapotokea kuelekea skrini, kamwe visiwe kati ya lenzi na vioo. Mwanga uliopangwa kwa nyuzi 45 ukigonga kioo cha madini hauendelei kuwa safi kama ulivyoingia, na matokeo yake ni taswira ya jicho moja kuvujia jicho la pili. Kuvipeleka nje kabisa kunavikinga pia na joto, kwa kuwa mwanga umeshatawanyika. Skrini nyeupe ya kawaida haitafaa hata ukiwa na miwani bora kiasi gani, maana rangi nyeupe hutawanya mwanga na kuvuruga mpangilio wake. Unahitaji uso wa rangi ya fedha. Ubao laini uliopakwa vizuri rangi ya alumini isiyong'aa kama kioo hutosha kwa kundi dogo lililoketi karibu na mstari wa katikati. Tarajia giza: vichujio na miwani hula zaidi ya nusu ya mwanga, hivyo chumba kifungwe kabisa.

Kuna hofu moja ninayoisikia mara kwa mara, kwamba slaidi ikiingizwa kinyume basi kina nacho hugeuka, cha mbele kikawa nyuma. Kwa slaidi za kifaa hiki sivyo. Ukiigeuza slaidi nzima uso wake nyuma, pande zinabadilishana na kila picha inakuwa kama iliyo kwenye kioo, kwa hiyo utaona mandhari iliyogeuzwa kushoto kulia, maandishi yakisomeka kinyume, lakini kina kikiwa sahihi. Ukiona pua za watu zimezama ndani na ukuta umekuja mbele, kosa liko kwenye vichujio au miwani: vibadilishane nafasi na utapona. Njia ya haraka ya kuhakiki ni kuziba kioo cha nje cha kushoto kwa kiganja huku umevaa miwani. Jicho la kushoto ndilo linalopaswa kubaki gizani.

Kuhusu kuhamia kidijitali, inategemea ni kipi kati ya vitu hivi unachokipenda. Faida kuu ya kifaa cha vioo, yaani picha mbili za papo moja, kwa lenzi moja, kwa fokasi moja na kiasi kimoja cha mwanga, unaendelea kuipata ukipiga kwa kamera ya kidijitali, na zaidi ya hapo ule upotofu wa kona unaweza kunyooshwa kwenye kompyuta. Programu ya bure iitwayo StereoPhoto Maker hupanga jozi za aina hii, juu na chini pamoja na mzunguko, kwa usahihi ambao mkono hauufikii. Slaidi zako za zamani nazo unaweza kuziskani na kuzinyoosha hivyohivyo, na kama una picha ambazo unazithamini ningeanza na hizo.

Lakini kukifunga kifaa cha vioo mbele ya projekta ya kidijitali ni kazi ngumu kuliko mbele ya projekta ya slaidi. Nyingi hutupa picha juu ya mhimili wa lenzi badala ya sawasawa nao, hivyo vioo lazima viwe virefu kwenda juu, na lenzi zake ni pana, zikidai vioo vikubwa na mwinamo mwingine kabisa. Projekta yenye doti 1920 kwa 1080 itakupa doti 960 kwa 1080 kwa kila jicho, jambo linalopatana vizuri na picha zako za wima. Kabla ya kununua, ulizia teknolojia ya ndani. Zile za LCD (zinazotumia paneli za fuwele kioevu) hutoa mwanga ambao tayari umepangwa, na mara nyingi rangi ya kijani imepangwa tofauti na nyekundu na bluu, kwa hiyo vichujio vyako vinaweza kulipa jicho moja picha ya kijani na lingine ya zambarau. Za DLP (zinazotumia vioo vidogo mno vinavyogeuka) hutoa mwanga usiopangwa na hazina tatizo hilo. Kama unaweza kuiazima moja, peleka kichujio kimoja cha polaroidi, kishike mbele ya lenzi huku projekta ikionyesha skrini nyeupe tupu, kisha kizungushe taratibu: weupe ukibaki mweupe na mwangaza usiobadilika, projekta hiyo inafaa, ukianza kuelekea kijani au zambarau, itafute nyingine.